Kumrudisha Akinyi Chuoni

Kisumu,
Jumapili, baada ya ibada

Kwa dada yangu Mkamburi, huko Wundanyi,

Nakusalimu mapema kabla sijaanza kulalamika, maana nikishaanza nitasahau salamu. Hujambo, dada? Goti la mama linaendeleaje na hiyo baridi ya mlimani? Mwambie ile dawa ya kuchua ni ya kupaka, si ya kuweka kabatini pamoja na vikombe vya wageni. Nimesikia ndovu wameshuka tena upande wa Mwatate wakala mahindi ya watu. Shamba la kaka limepona? Sisi huku tu wazima. Joto ni lile lile, mbu ni wale wale, na Baba Akinyi ni yule yule, ila mwezi huu amezidi.

Uliniuliza kama wajina wako, Akinyi wetu mwenye jina lako la Kitaita, amerudi chuoni. Amerudi, yuko mwaka wa pili. Lakini usidhani ni habari ya neno moja. Nimekonda, dada. Sketi ile uliyonishonea sasa naifunga kwa pini. Weka sufuria pembeni nikueleze.

Unakumbuka walivyofukuzwa. Akinyi alimaliza mwaka wa kwanza vizuri, na kabla hajaingia wa pili wanafunzi wakagoma kwa sababu ya chakula. Chuo kikafungwa, wote wakaambiwa kufikia saa kumi asionekane mtu. Alifika hapa na begi moja na viatu visivyofanana, kimoja chake, kimoja cha msichana wa chumba cha pili. Na mgomoni hakuwepo! Alikuwa maktaba. Tukaambiwa ni majuma machache tu, yakawa miezi saba. Kila Jumatatu alitakiwa kwenda kwa chifu kutia sahihi, kuonyesha kwamba yuko nyumbani na ametulia. Karani wa chifu akazoea kumwita "mshtakiwa wetu" na kucheka mwenyewe. Mimi sikucheka.

Ulipofika mwezi wa nne wa kukaa nyumbani nikachoka kumwona amekaa mlangoni na kitabu kile kile. Shangazi yake, Mama Awuor, dada yake Baba Akinyi, anakausha omena, dagaa wa ziwani, kule Usenge, na alikuwa ameomba mtu wa kumsaidia. Nikasema, basi aende, angalau atapata upepo wa ziwa, na sahihi atatia kwa chifu wa huko. Ni mimi niliyempeleka. Hilo Baba Akinyi hajaniacha nilisahau hata siku moja.

Kumbe karibu na ufuo wa Usenge kuna shule ya sekondari ya harambee, majengo mawili na choo. Mwalimu wao wa hesabu alikuwa amepata kazi kwingine, akaondoka katikati ya muhula bila kuaga. Mwalimu mkuu akasikia kwa Mama Awuor kuna msichana wa chuo kikuu anayesomea hesabu, anageuza omena juani. Akamfuata huko huko mchangani. "Njoo uwashike hata wiki mbili tu, binti yangu." Wiki mbili zikawa muhula. Akinyi alituandikia mara moja moja, barua fupi fupi: yuko salama, ana kazi, chaki zimeisha, tutume chaki. Baba yake alituma. Yeye mwenyewe ni mwalimu mkuu wa shule ya msingi, kwa hiyo aliona fahari. Wakati huo lilikuwa jambo la fahari.

Halafu chuo kikafunguliwa. Tangazo lilisomwa redioni mchana, Baba Akinyi yuko mezani. Wanafunzi wa mwaka wa pili waripoti Ijumaa ya wiki inayofuata, kila mmoja na mzazi wake wa kumtilia sahihi ya tabia njema. Asiyefika siku hiyo amepoteza nafasi. Dada, aliruka na tonge mkononi. Akatoka nje kuwaambia majirani, akarudi, akatoka tena kununua gazeti ili alisome tangazo lile lile, akalikata kwa wembe na kulibandika ukutani. Akanipa suti yake ya Kaunda niipige pasi, siku kumi kabla ya safari! Nikamwambia itakunjika tena. Akasema, "Nitaining'iniza, nitaiangalia."

Unajua kwa nini. Nilikueleza wakati ule nilipoolewa. Alifaulu kidato cha nne akaitwa kidato cha tano, mizigo ikafungwa, baba yake akafariki wiki hiyo hiyo. Yeye ndiye kifungua mimba. Akashika chaki ya darasa la pili ili wadogo zake wasome. Siku Akinyi alipopata barua ya chuo kikuu, alienda kwao Kisian akamwonyesha kila mtu pale senta, hata fundi wa baiskeli asiyejua kusoma. Yule naye akaishika juu chini na kusema ni barua nzuri.

Basi tukatuma ujumbe Usenge mtoto aje. Jumatano hakuja. Alhamisi hakuja. Ijumaa mchuuzi mmoja wa samaki akaniletea kazini zahanati karatasi iliyokunjwa. Nakuandikia kama ilivyokuwa:

"Mama na Baba, nimesikia tangazo. Siwezi kuja sasa. Kidato cha nne wangu wanaanza mtihani baada ya wiki tano na hatujamaliza hesabu za vekta. Nitaandikia chuo niombe waniwekee nafasi hadi mwaka ujao. Msikasirike."

Msikasirike!

Baba Akinyi aliisoma mara tatu kwa sauti, kama anayesahihisha insha. "Kidato cha nne *wangu*," akasema. "Wake tangu lini?" Kisha akasema, "Vekta. Mtoto niliyemfundisha kuhesabu vizibo vya soda ananiambia vekta." Akaketi. Akasimama. Nikamwambia aende akamchukue. Akanitazama kwa macho mekundu. "Wewe ndiye ulimpeleka, Mama Akinyi. Wewe ndiye utamrudisha."

Nikaomba ruhusa zahanati, Jumamosi nikaenda.

Nilimkuta Mama Awuor ufuoni na reki yake, omena zimetandazwa juu ya nyavu kama shuka la fedha, na harufu yake unaijua, ilinifuata nyumbani siku tatu. Hakushangaa kuniona.

"Nyar Taita, karibu," akasema. Huku ndivyo wanavyoniita hadi leo, msichana wa Taita, na mvi zangu hizi. "Mtoto yako iko shule."

"Leo ni Jumamosi, wifi."

"Hata Jumapili iko shule. Mimi sisemi kitu. Mimi niliomba mtu ya omena, sikuomba mwalimu."

Nikapanda shuleni nimejaa maneno tayari. Nilikuwa nimeyapanga njia nzima. Nilipofika dirishani nikamwona: amevaa kandambili, gauni limejaa vumbi la chaki, mbele yake watoto kumi na wanane, wengine wakubwa kumshinda. Msichana mmoja aitwaye Atieno alikuwa amesimama na mtoto mchanga mgongoni, amerudi shule baada ya kujifungua. Akataja jibu. Akinyi akamwambia, "Atieno, jibu niachie. Nipe njia." Msichana akaanza kueleza, akakwama, akaanza tena. Darasa zima kimya, hata mtoto wa mgongoni. Alipomaliza, Akinyi hakumsifu, aliitikia tu kwa kichwa, na yule msichana akaketi kama amevikwa taji.

Maneno yangu yakapungua, dada. Lakini hayakuisha. Nilimvuta nje.

"Umekuja, mama," akasema.

"Nimekuja. Funga mizigo."

"Watu kumi na wanane, mama. Nikiondoka hakuna mtu."

"Kabla yako walikuwa na nani?"

"Hawakuwa na mtu. Ndiyo maana nakwambia."

"Wewe si mwalimu wa serikali, Akinyi. Hata mshahara huna."

"Wananipa samaki."

"Samaki! Na nafasi yako chuoni?"

"Itangoja, mama. Ni mwaka mmoja tu."

Hapo ndipo nilipomwambia. Lile ambalo tunalijua wewe, mimi na mama tu, ambalo hata baba yake nilimpa nusu. Nilimwambia kwamba mimi nilikuwa mwaka wa pili wa chuo cha wauguzi nilipopata mimba yake. Nikaomba nafasi ingoje. Ni mwaka mmoja tu, niliwaambia, na matron akasema sawa. Mwaka ulipokwisha nilikuwa na mtoto huku Kisumu, nilipoandika nikajibiwa masharti yamebadilika. Miaka ishirini na mbili sasa, ni msaidizi tu pale zahanati. Wasichana wanaletwa, ninawafundisha kushika sindano, baada ya miezi sita wanakuwa wakubwa wangu na kunituma chai.

Akauliza polepole, "Kwa hiyo ni kwa sababu yangu?"

"Sikusema hivyo!"

"Umesema hivyo, mama."

Nilitaka kumpiga na kumkumbatia, sikufanya lolote. Huyu mtoto ukimpa kidole anakihesabu. Alijifuta chaki kwenye gauni akaniambia, "Sawa. Nitakwenda. Lakini nileteeni mwalimu wa hesabu. Siku atakayofika, siku hiyo hiyo nafunga mizigo."

Nikarudi Kisumu na omena nusu gunia na sharti. Siku sita zimebaki. Baba Akinyi alikasirika kwanza, halafu akatafuta, maana angefanya nini? Jumapili kanisani pasta alitangaza. Akatokea mzee mstaafu aliyefundisha hesabu kweli, lakini hasikii tena. Ukimwuliza kuhusu vekta, anakujibu kuhusu Veronika, mkewe marehemu. Jumatatu tukampata karani wa benki, akacheka tu. Kijana mwingine akasema atakwenda kama Usenge kuna umeme. Mwalimu mmoja akakubali kabisa, tukashukuru Mungu, jioni mkewe akaja kwetu kutuuliza tunamtafutia mumewe nini huko kwa wauza samaki. Nikamwomba msamaha kwa kosa ambalo hata sikulijua.

Jumatatu hiyo hiyo jioni Baba Akinyi akaingia chumbani, akatoa sanduku chini ya kitanda, akatoa kitabu cha zamani cha logi, yale majedwali ya hesabu, kimeliwa na mende pembeni.

"Nitakwenda mimi," akasema.

"Wewe? Mara ya mwisho kufundisha hesabu za sekondari ilikuwa lini?"

"Sijawahi."

"Basi?"

"Nina likizo yangu sijaichukua miaka mitatu. Naibu atashika shule. Na kidato cha nne hesabu nilipata namba ya pili wilaya nzima, Mama Akinyi."

"Wakati ule hakukuwa na vekta."

"Ni mishale tu hiyo," akasema. "Mishale nayo ni kitu?"

Jumanne asubuhi akaondoka na ile suti ya Kaunda mwilini. Mama Awuor ndiye aliyenisimulia yaliyofuata. Mchana kutwa alikaa dawati la nyuma, magoti yamefika kifuani, akisikiliza mwanawe anavyofundisha. Baada ya masomo Akinyi alimketisha jikoni kwa shangazi akamfundisha yeye. Waligombana juu ya swali moja mpaka paka akala samaki wote wawili na hakuna aliyeona. "Baba, hujanipa njia," mtoto anasema. "Njia ni hiyo hapo!" baba anasema. "Hiyo ni ya zamani." "Ya zamani haifiki?" Jumatano usiku wa manane sijui walifika wapi, lakini Alhamisi mchana Akinyi akashuka hapa mlangoni na begi lake. Peke yake.

"Baba yuko wapi?"

"Amebaki. Yuko darasani."

"Na nani atakupeleka Nairobi kesho kutia sahihi?"

Akanitazama. Nikajitazama. Nilikuwa na zamu Ijumaa, sina nguo iliyopigwa pasi, na yule bwana aliyening'iniza suti kwa ajili ya safari hii ameondoka nayo. Nilitukana kwa Kitaita, dada, Mungu anisamehe, na huku hakuna anayeelewa.

Tulipanda basi la alfajiri. Tulifika saa saba, na mlangoni mwa chuo foleni ya wazazi ilikuwa imezunguka jengo. Hujawahi kuona watu wazima wamenuna hivyo. Kila mmoja ameshika mtoto mrefu kumshinda, kama siku ya kwanza ya chekechea. Mbele yangu alikuwa mzee mmoja wa Murang'a mwenye koti la sufu.

"Wako alifanya nini miezi saba?" akaniuliza. "Wangu alisikiliza kaseti. Betri zangu zote za redio zimeisha."

Mama wa Busia nyuma yangu akasema, "Afadhali kaseti, Mzee. Wangu ameoa."

Tukacheka, mpaka kijana aliyeoa akajificha nyuma ya mti. Ndicho kicheko pekee nilichokipata wiki hiyo.

Saa kumi kasoro tukaingia. Ofisa alikuwa nyuma ya meza, mhuri mkononi, hakuinua uso.

"Baba yuko wapi?"

"Anafundisha vekta," nikasema, kabla sijajizuia.

Akainua uso. "Nini?"

"Mimi ni mama yake, Bwana. Karatasi inasema mzazi."

Akamgeukia Akinyi. "Ulifanya nini wakati wote huu?"

"Nilifundisha shule ya sekondari, Bwana."

"Nani alikuruhusu?"

"Bwana," nikasema, "chuo mmefunga nyinyi. Huyu mgomoni hakuwepo. Miezi saba ametia sahihi kwa chifu kama mwizi wa ng'ombe, na bado amefundisha watoto kumi na wanane bila senti. Wiki hii nimemtoa kwenye ubao kwa mikono miwili nikuletee, nyumba yangu haina mume, zahanati hawajui niliko. Na unaniuliza nani alimruhusu? Nionyeshe mahali pa kutia sahihi."

Akinyi alikuwa akitazama viatu vyake. Yule ofisa akasukuma karatasi upande wangu, nikatia sahihi, akapiga mhuri kwa nguvu hata wino ukanirukia mkononi mwa blauzi. "Ingia," akamwambia Akinyi. Nilipokuwa nageuka akaongeza kwa sauti ya chini, "Mama, hiyo shule bado inataka walimu?" Sikujua kama ananidhihaki. Nikamjibu inataka.

Chumba chake kilikuwa na godoro lililolowa mvua kwa sababu ya kioo kilichovunjika. Tukaligeuza, tukaweka gazeti dirishani. Akaketi kitandani akaniandikia karatasi ya kumpelekea baba yake, majina yote kumi na wanane na kinachomsumbua kila mmoja. Huyu anaharakisha. Huyu anajua ila haandiki. Atieno asiitwe ubaoni wa kwanza. Aliandika bila kufikiri, kama mtu anayetaja ndugu zake.

Tulipoagana akauliza, "Mama, uliacha chuo mwezi gani wa mwaka wa pili?"

"Usinifanyie hesabu, Akinyi."

Akanishika akakaa hivyo kwa muda mrefu, mtu mzima, na mwenzake wa chumbani anatutazama. "Nitapita hapo ulipoishia, mama," akasema. Nikashuka ngazi haraka. Nililia mpaka Naivasha, na abiria wa karibu akanipa chungwa.

Wiki mbili zimepita. Baba Akinyi hajarudi. Nimempeleka mtoto chuo, nimepoteza mume. Jana nikamfuata Usenge na vidonge vyake vya presha, maana alivisahau, na nilikuwa nimeapa nitamrudisha hata kwa kamba. Nilimkuta amekonda kama mimi, suti imekuwa rangi ya vumbi, ananuka omena. Wanafunzi wamemzunguka na maswali na hakuna hata aliyenikaribisha. Walipotawanyika tukashuka mpaka karibu na maji. Nilimwambia yote: zahanati, foleni, wino, mlango wa choo umevunjika, kuku wamekula mboga. Alisikiliza mpaka mwisho, na hilo si kawaida yake.

Kisha akasema, "Mama Akinyi, miaka yote hii nilikuwa sijui kama ningeliweza kidato cha tano. Nilikuwa nasema tu ningeliweza. Hakuna aliyeweza kunipinga." Akavua miwani, akaifuta kwa ncha ya shati. "Juzi nilimaliza zile vekta mwenyewe, bila daftari la mtoto. Zote. Ningeliweza."

Nilifungua mkoba nikampa vidonge, nikamwambia ni viwili kwa siku baada ya chakula, nikamwacha. Mtihani unaanza Jumatatu, si ya kesho, ile inayofuata. Baada ya huo atarudi, amesema. Tutaona.

Nisalimie mama na goti lake. Nisalimie kaka na mkewe, na mjomba anayechunga mbuzi bondeni, na yule binamu yetu wa kwaya aliyeniazima kitenge, mwambie nakitunza. Wajina wako nimemwamuru akuandikie wewe mwenyewe. Asipoandika kabla ya Krismasi, njoo umchape, nauli nitatafuta.

Naacha hapa, kuku wameingia tena kwenye sukuma wiki.

Ni mimi mdogo wako, nimechoka lakini nasimama,

Wakesho